Nani Kashika Brashi

Cheti kilikuwa cha kweli, na hilo ndilo lililomuudhi Mwanamize.

Alikuwa amekaa barazani kwa Bi Ummkulthum, Gando, simu sikioni, huku karani wa kituo kimoja cha ufundi Unguja akimsomea daftari neno kwa neno: Haitham Masoud, mwenyeji wa Kengeja, Pemba, fani ya upakaji rangi, miezi tisa, kafaulu. Nambari ya cheti ile ile. Tarehe ile ile. Mwanamize alishukuru, akakata simu, akaigeuza nakala ya cheti huku na huku kama anayekagua samaki wa jana.

Cheti cha kughushi kina raha yake. Unakikamata, unafunga jalada, unakwenda zako kupika. Cheti cha kweli kinakwambia tu kwamba mtu alikaa darasani. Alipotoka darasani alikwenda kufanya nini, hapo kinanyamaza. Sajenti Mwanamize binti Nyange alifanya upelelezi wa polisi miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu, na mashahidi wanaonyamaza hakuwapenda hata kidogo.

"Si kishasoma basi?" aliuliza Bi Ummkulthum.

"Kasoma. Kusoma si kupaka."

Bi Ummkulthum alicheka, kicheko kikaishia kifuani, akapapasa pindo la kanga kutafuta kidude chake cha kuvutia dawa. Alivuta mara mbili. Mwanamize alingoja bila ya kumtazama, maana mtu anayetafuta pumzi hapendi kutazamwa.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Mwaka juzi alikuja fundi mwenye maneno matamu na makopo ya rangi ya mafuta. Alipaka chumba cha kulala cha Bi Ummkulthum, akafunga madirisha ili vumbi lisiingie, akaenda zake. Siku ya pili majirani walimkuta bibi wa watu kakaa sakafuni, midomo imegeuka rangi. Siku sita alilala hospitali na mpira wa oksijeni puani. Na hiyo rangi yenyewe haikudumu. Nyumba ni ya mawe na chokaa, ukuta wake unataka kupumua kama mwenyewe, na rangi ya mafuta ikafanya malengelenge na kubanduka. Sasa mwanawe Zubeir, aliyeko Maskati, alitaka nyumba ipakwe upya kabla hajaja. Alitaka ing'ae. Fundi kishampata kwa simu, ndiye huyo Haitham; cheti kishatumiwa, Jumamosi kazi inaanza.

"Sikuweza kumkatalia mwanangu," alisema Bi Ummkulthum. "Lakini daktari aliniambia mara ile walinipata kwa bahati. Mwanamize, mie pumzi n'nayo hii hii. Nijulie huyo mtu anajua kazi au hajui."

"Leo Jumatatu," alisema Mwanamize, akafunga daftari lake. "Siku n'nazo."

Alipanda vespa yake, akashika njia ya Kengeja.

Alikuwa na desturi moja ya kazi ambayo hakufundishwa na polisi, kafundishwa na mamaake: hasemi alilojia. Pemba ukimwuliza mtu moja kwa moja habari za mwenziwe, mlango unafungwa usoni mwako, tena kwa adabu. Unaamkia, unauliza wagonjwa, unauliza mvua, kisha jina unalitia katikati kama chumvi. Ndivyo alivyofanya kwa Mzee Msellem, mwenye duka, wa kwanza kati ya watu wawili ambao Haitham aliwataja kuwa kawapakia.

"Na huyu Haitham wa Masoud," alisema, baada ya wagonjwa na mvua. "Kijana gani?"

Mzee Msellem aliacha kupima sukari. Alimtazama Mwanamize kuanzia ushungi mpaka viatu, kisha akatabasamu.

"Kijana mzuri, mama. Swala tano, tena anawahi safu ya mbele."

"Kazi yake?"

"Kazi anayo."

"Nauliza, anaijua?"

"Riziki anatoa Mungu, mama. Babaake alikuwa mtu wa watu. Mamaake hana maneno na jirani. Na kwao hakuna kifafa wala ukoma, hilo nakuhakikishia."

Mwanamize aliinua kalamu. "Kifafa?"

"Nakwambia tu, usije ukasikia pengine."

Akaandika: *Shahidi anakwepa.* Aliandika hivyo bila ya kujiuliza ni nini kinachokwepwa, na kosa hilo alikuja kulikumbuka baadaye.

Alitoka nje akaupitisha mkono juu ya ukuta wa duka. Kiganja kikarudi cheupe pepepe, kama cha mpishi wa maandazi. Chini, karibu na msingi, rangi ilikuwa imeinuka vipande vipande, na nyuma yake chumvi. Fundi hakuosha ukuta. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaambiwa aoshe ukuta.

"Hapa alipaka Haitham?"

"Alipaka."

"Na ndani?"

Mzee Msellem alisita, akamwitia mkewe, na mkewe akamtembeza Mwanamize mpaka ukumbini. Mwanamize alisimama mlangoni. Ukuta ulikuwa mweupe wa chokaa, umetulia, sawa sawa kuanzia boriti mpaka sakafu. Akaupitisha mkono. Kiganja kilirudi kisafi. Akasogea pembeni mwa chumba, akatazama pembe zote nne kwa zamu. Fundi wa mkono wa kulia ana pembe yake inayomsumbua, mahali ambapo kifundo cha mkono kinagonga ukuta na brashi inaacha mchirizi. Hapa pembe hiyo ilikuwa safi. Mchirizi mdogo ulikuwa kwenye pembe ya pili.

*Nje mbovu,* aliandika. *Ndani hodari. Mkono wa kushoto. Ana msaidizi?*

Jumanne asubuhi alivuka kwenda Kojani kwa Bi Mgeni, mwanamke wa miaka thelathini na tano, mcheshi, mume wake mvuvi. Nyumba ya Bi Mgeni nje ilikuwa bado mawe matupu. Ndani vyumba vitatu vilipakwa, vyote kwa mkono ule ule wa kushoto, na Mwanamize hakupata kasoro ya kuandika.

"Mashaallah. Kazi ya nani hii?"

"Ya kwa Haitham."

"Mumeo alikuwepo wakati inapakwa?"

"Hakuwepo. Yuko dago, kambi ya wavuvi, Tanga, huu mwezi wa tatu."

Mwanamize aliandika. "Huyu Haitham ana msaidizi?"

"Ana mke," alisema Bi Mgeni, na kicheko kikamtoka.

"Najua ana mke. Nauliza msaidizi wa kazi."

Bi Mgeni alimtazama kwa muda, kama anayepima kitu mkononi. Kisha akashusha sauti. "Mama, mie s'jui ya watu. Haitham mtu mzuri. Lakini huyo aliye ndani, maskini, mwanamke hodari. Hao waliokutuma wangemfikiria na yeye."

"Nani alinituma?"

"Hayo unayajua weye."

Mwanamize alirudi chomboni na daftari lenye kurasa nne na jibu lisilokuwemo. Hakuwa hata amefika ng'ambo, Bi Mgeni kishapiga simu Kengeja.

Haitham alimpokea alasiri barazani kwake. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na mbili hivi, kavaa kanzu mpya yenye mikunjo ya dukani, kofia yenye darizi nzito, na udi aliojifukiza ulimtangulia hatua tatu. Kucha zake zilikuwa safi kama za karani. Mwanamize aliziona kabla hajaketi.

"Nimesikia unaniulizia, mama," alisema Haitham kwa unyenyekevu mkubwa.

"Umesikia kwa nani?"

"Kengeja ndogo."

"Cheti chako nimekiona."

"Alhamdulillahi."

"Nyumba ngapi umepaka?"

"Nyingi. Na hii ninayokaa ni yangu, si ya kupanga. Pale pembeni pana kiwanja, naweza kuongeza vyumba viwili."

"Vyumba vya nini?"

"Ikilazimu," alisema Haitham, akashusha macho kwa haya.

Mwanamize alilipitisha jibu hilo kichwani mara mbili, hakulipatia pahala. Akampa kalamu. "Niandikie hapa majina ya watu uliowapakia." Haitham akaandika. Mkono wa kulia.

"Ukuta wa mawe na chokaa, unauanzaje?"

"Unakwangua, unaosha kwa maji ya kisima, unaacha ukauke." Alilitoa jibu kama aya aliyohifadhi.

"Na chumba cha mtu mwenye pumu, unapaka nini?"

Hapo Haitham aliinua macho. Uso wote ulimjaa wasiwasi.

"Kwani bibi arusi ana pumu?"

Kalamu ya Mwanamize ilisimama. Ewe Mola! Swala tano. Kifafa na ukoma. Mama asiye na maneno na jirani. Siku mbili nzima alizunguka kisiwani akiuliza habari za mwanamume bila ya kusema alilojia, na nani Pemba anayezunguka hivyo ila watu wa mke wanaochunguza mposaji? Wote walimjibu alichouliza, kwa jinsi walivyokielewa. Walimsifu bwana arusi. Kwenye posa humchongei mtu. Unamsitiri, na aibu zake unamwachia Mungu. Shahidi hakukwepa hata mmoja. Mpelelezi ndiye aliyekosea, na alijisikia mjinga kama kuruta wa siku ya kwanza.

Alikuwa anafungua kinywa aeleze, mlango wa uani ukafunguliwa kwa kishindo.

"Weye ndiye mshenga?"

Aliyetoka alikuwa mwanamke mfupi, kanga kiunoni, mwiko wa kusongea ugali mkononi. Haitham alisimama. "Zulekha, adabu..."

"Adabu nimeimaliza! Bi Mgeni kanipigia tangu asubuhi." Mwiko ulielekezwa kwa Mwanamize. "Haya, kawaambie hao waliokutuma. Waambie wanampa binti yao mtu asiyejua hata kuchuja chokaa! Duka la Mzee Msellem, nje kapaka yeye, kalitazame. Ndani nimepaka mie. Kojani nimepaka mie, siku nne, mwenye nyumba hayupo, mwanamume ataingiaje vyumbani mle? Yeye kazi yake kukaa barazani na kuzungumza na wenye nyumba. Ukimwachia peke yake anafungua kopo la rangi ya mafuta, anapaka upesi upesi, anakimbilia bao. Sasa anataka wa pili! Huyo wa pili atapaka nini, paa?"

Mwiko ulikuwa katika mkono wa kushoto. Vidole vilivyoushika vilikuwa vimepasukapasuka, chokaa imeingia pembeni mwa kucha isitoke tena, na juu yake vinang'aa mafuta ya nazi. Mwanamize aliutazama mkono ule kwa furaha asiyoificha. Mume yuko dago, na vyumba vimepakwa: jibu alikuwa amelibeba mkobani tangu Kojani.

"Mwanangu," alisema, "mie si mshenga. Nimetumwa kuulizia fundi wa rangi."

Haitham aliitazama kanzu yake mpya, kisha akaketi taratibu, kama mtu aliyekwishapanda jukwaa ndipo akakumbuka hakulifunga kamba.

Zulekha alishusha mwiko. Hasira ilimtoka usoni na kitu chengine kikaingia, kigumu zaidi.

"Fundi mume wangu," alisema. "Cheti anacho."

"Na hayo uliyoyasema sasa hivi?"

"Hasira, mama. Mtu akikasirika husema lolote."

"Na mkono huo?"

Zulekha aliurudisha nyuma ya kanga. "Mkono wa mke husaidia. Fundi ni yeye."

Mwanamize alimheshimu na kumkasirikia kwa pamoja. Zulekha alipodhani ni posa aliusema ukweli wote. Alipojua ni kazi, akamfunika mumewe. Kituoni mtu wa aina hii humtoi neno hata ukeshe naye. Basi Mwanamize hakumwuliza tena. Alimsimulia tu: Bi Ummkulthum wa Gando, chumba kilichofungwa madirisha, midomo, siku sita za oksijeni, na neno la daktari.

"Zubeir mwenyewe ndiye aliyetaka rangi ya mafuta," alijitetea Haitham. "Makopo nishayachukua. Yako ndani."

"Utapaka hata chumba cha mamaake?"

"Si nitaacha madirisha wazi?"

Zulekha alimtazama mumewe.

"Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni Gando," alisema Mwanamize, akivaa helmeti. "Jina la fundi bado sijaliandika. Nitaliandika nikiona nani kashika brashi."

Angeweza kumfukuza Haitham kwa neno moja. Lakini Zubeir angetafuta mwengine, naye angekuja na cheti chake na makopo yake, na mchezo ungeanza upya. Anayejua kazi keshapatikana. Lililobaki ni kama atakuja.

"Anajua au hajui?" aliuliza Bi Ummkulthum aliporudishiwa habari.

"Yupo anayejua. Akija peke yake asiyejua, usiufungue mlango."

Jumamosi Haitham alikuja peke yake.

Alishuka kwenye gari la abiria na makopo manne, rola mbili na ngazi. Mwanamize alikuwa kaketi barazani tangu saa kumi na mbili na nusu.

"Zulekha yuko wapi?"

"Kaamka na homa."

"Pole yake. Fungua kopo moja, hapo hapo uwanjani."

Haitham akafungua. Harufu ilipanda, ikapita dirishani, na ndani Bi Ummkulthum akaanza kukohoa. Kikohozi kilikuwa cha kukwangua, kimoja kikimkamata mwenziwe mkia. Wakati huo huo simu yake ikalia. Zubeir. Sauti ilisikika mpaka nje: "Mama, fundi keshafika, kanitumia ujumbe. Mbona hamumfungulii? Mama, n'nakuja na watu!"

Mwanamize alilisikia komeo likiguswa kwa ndani. Mama ni mama. Alisimama, akauweka mgongo wake mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akaogopa.

"Bi Ummkulthum, usifungue!"

"Mwanangu ananiita, Mwanamize."

"Nimesema usifungue!"

Gari la pili lilisimama njiani. Zulekha alishuka kwa kurudi nyuma, akateremsha ndoo iliyofunikwa kitambaa na kufungwa kamba ya mkonge, akaja nayo akiinamia upande wa kushoto kwa uzito. Hakuwa na homa yoyote. Aliitua miguuni pa Mwanamize.

Mwanamize alifungua kamba, akachovya kijiti. Chokaa ilikuwa nzito, laini kama mtindi, haina punje hata moja. Chokaa ya namna hiyo haipatikani kwa haraka. Inachemka ndani ya maji, inapoa, inalala siku kadhaa, inachujwa kwa nguo.

"Umeiloweka lini?"

"Jumanne."

"Jumanne wakati gani?"

"Vespa yako ilipoondoka," alisema Zulekha.

"Si nilikwambia ukae nyumbani?" Haitham alikuja juu, kopo wazi mkononi. "Unanivua nguo mbele za watu!"

Zulekha hakupandisha sauti. "Nimekusitiri miaka saba, Haitham. Kengeja nimekusitiri, Kojani nimekusitiri, hata kwa huyu mama nilijifanya mwongo. Lakini bibi huyu akikatika pumzi ndani ya ukuta uliopaka weye, hiyo sitara nitamfunika nayo nani? Nitamfunika yeye, iwe sanda."

Haitham alifungua kinywa. Kikohozi cha ndani kikamjibu kabla hajasema. Alisimama akikisikiliza, na kilidumu. Kisha akainama, akakirudisha kifuniko cha kopo, akakigonga kwa ngumi mpaka kikakaa.

"Nje nianzie wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kuosha," alisema mkewe. "Ukuta wote. Kwa maji ya kisima."

Komeo likavutwa. Bi Ummkulthum alisimama kizingitini, simu mkono mmoja, kidude cha dawa mkono wa pili, machozi ya kikohozi mashavuni. Alimtazama Zulekha, akaitazama ndoo, akaupandisha mkono wa simu.

"Zubeir, nyumba haitong'aa, baba. Sikiliza mamaako. Haitong'aa." Akakata. "Pita, mwanangu. Bismillah."

Siku mbili za kukwangua Bi Ummkulthum alikaa kwa jirani, mbali na vumbi. Siku ya nne, mkono wa pili wa chokaa ulipokauka, alirudi. Aliingia chumbani kwake peke yake, madirisha yote wazi, akasimama katikati akavuta pumzi kwa pua, ndefu, kama anayeionja. Kidude cha dawa kilikuwa pindoni na hakukigusa. Akavuta tena.

Mara hii Mwanamize, mlangoni, alimtazama. Kisha akaketi barazani, akafungua daftari, akaandika ripoti yake yote kwa mistari mitatu.

*Fundi wa nje: Haitham Masoud. Asiachwe peke yake.*

*Fundi wa ndani: Zulekha Rajab.*

*Cheti: hana.*